Mtu Mzima Hachanjwi: Mwongozo kwa Baba Mwenye Nyumba wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanamume aliyekwisha kuota ndevu, anayeishi popote kati ya Ruaha Mbuyuni na Tunduma, na ambaye nia yake ni kuzeeka bila kuchomwa sindano nyingine ya kinga. Wanawake hauwahusu sana. Sababu itaonekana mbele, na haitatupendeza.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani, maana mpangilio mzima uko upande wako. Mtoto akizaliwa pale Meta, Mbeya, anachomwa BCG begani na kudondoshewa matone ya polio hata jina hajapewa. Anapewa kadi. Kadi ina tarehe, na tarehe zina mama wa kuzikumbuka: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Baada ya hapo, kimya. Hakuna tarehe ya mwaka wa 30 wala wa 45. Gari la matangazo likipita Mwanjelwa na spika juu, linaita wenye umri chini ya miaka mitano, nawe unaendelea kupanga viazi vyako. Mwaka 2022, polio ilipoonekana Lilongwe kwa jirani zetu Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba mwezi Machi katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, wakawatia watoto alama ya wino kidoleni. Baba wa nyumba alichungulia dirishani, akaita, "Watoto, mnaitwa!", akarudi kwenye kiti. Yeye wino wa kidoleni anaujua wa siku ya kupiga kura tu.

Kwa hiyo ukikaa hivihivi, hujafanya lolote, umeshafaulu nusu. Nusu iliyobaki inataka nidhamu kidogo.

Anza kwa kupoteza kadi yako ya utotoni. Wengi wetu hili tumelikamilisha bila jitihada: kadi ilibaki Kilolo kwenye sanduku la bati la bibi, na panya wakaimaliza kabla ya bibi mwenyewe. Kadi ikishapotea, unaruhusiwa kusema neno la heshima kuu: "Mimi nilichanjwa zote." Akitokea mbishi, mwonyeshe kovu la begani. Lile kovu kwa kawaida ni la BCG, ya kifua kikuu, na halishuhudii kingine chochote. Lakini likionyeshwa kwa kujiamini, shati likapandishwa taratibu, kovu moja laweza kuthibitisha chanjo kumi.

Ila jihadhari na wapenda hesabu. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Kama mwaka huo wewe ulikuwa tayari unacheza chandimu Ilomba au unauza karanga stendi, basi hata kadi yako ingeokotwa nzima, safu hiyo isingekuwamo. Hukuikosa kwa uvivu wa mama yako, haikuwepo. Jambo hili usilitafakari sana, maana linamgusa karibu kila mtu anayeitwa "baba" au "mzee" katika mikoa hii, na likitafakariwa na wengi laweza kuleta foleni.

Sasa tuje kwenye kuku.

Mtu asiyechanja chochote huonekana mshamba, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kuja kumwelimisha. Ili kuepuka usumbufu huo, chanja kila kiumbe cha nyumbani isipokuwa wewe. Kuku wapate chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, wasiruke awamu hata moja. Mbwa mpeleke kwa afisa mifugo siku ya kampeni, umfunge kamba, usimame juani na watoto wa mtaa mzima mpaka zamu yake ifike, na cheti chake ukihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Kama uko Rungwe na una ng'ombe wa maziwa, mchanje ndigana kali. Atavishwa hereni sikioni, na hereni hiyo itampandisha bei akifika sokoni. Weka daftari. Ukiulizwa jogoo mwekundu alichanjwa lini, jibu kwa tarehe na jina la mtaalamu. Ukiulizwa wewe mwenyewe ulichanjwa lini, cheka.

Nimewasikia watu wakiliita hili ujinga. Si ujinga, ni uchumi. Bei ya ng'ombe wa maziwa pale Tukuyu inajulikana mpaka shilingi ya mwisho. Ya kwako haijawahi kutajwa mnadani.

Pepopunda ndiyo mtihani wa kweli wa mwongozo huu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nchi yetu ya juu imejaliwa kila kinachotakiwa. Vijidudu vyake hujificha kama mbegu ngumu katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, vikaishi humo miaka. Sisi tunalima viazi Umalila kwa samadi. Tunapasua mbao Mafinga na kuzunguka Sao Hill, ambako misumari, vibanzi na misumeno havijawahi kupumzika. Mgema wa Kihehe anapanda alfajiri kwenye mianzi iliyolowa na kisu kikali mkononi, kwenda kukata kidogo ili ulanzi uendelee kutiririka. Bodaboda wa Uyole anajua ladha ya lami na ya kokoto pia. Hakuna kazi ya heshima hapa isiyomwaga damu ya mwenye nayo angalau mara moja kwa mwaka.

Ukikatwa, kuna mambo ya kusema na mambo ya kufanya. La kusema: "Msumari wenyewe haukuwa na kutu." Kutu haina kosa lolote katika ugonjwa huu, kosa ni la udongo na kinyesi vilivyoingia ndani ya kidonda kirefu kisichopata hewa. Lakini kauli hiyo hufunga mjadala. La kufanya: paka kidonda udongo, au kinyesi cha ng'ombe chenye joto, ili mdudu asisumbuke kutafuta njia. Wengine hupendelea mafuta ya breki. Kisha kunywa ulanzi kwa nje na kwa ndani, yaani umwagie kidonda kidogo na uliobaki ujimwagie mwenyewe.

Watatokea wa kukufariji kwamba jirani wamechanjwa, kwa hiyo nawe umekingwa. Maneno hayo ni ya surua. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, inatoka ardhini kuja kwako binafsi, na mtaa mzima wa Kihesa ungeweza kuchanjwa bila kukupunguzia wewe hata chembe ya hatari. Kuna na la kushangaza zaidi: aliyeugua akapona, baada ya taya kukaza na mgongo kupinda kama upinde, hapati kinga kwa kuugua kwake. Sumu inayoutesa mwili ni kidogo mno, mwili hauwahi hata kuikariri. Anayetoka wodini salama anahitaji kuchanjwa kama aliyeingia leo mjini.

Na hapa ndipo ile sababu ya wanawake inapojitokeza. Mjamzito akifika kliniki huchomwa sindano ya pepopunda, siku hizi ikiwa pamoja na ya dondakoo. Ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita au mimba inayofuata, mpaka zitimie tano. Ndivyo Tanzania ilivyothibitishwa mwaka 2012 kuwa imeondoa pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Ushindi ule ulipatikana kwenye mabega ya akina mama, mama mmojammoja, kwenye mabenchi ya zahanati. Matokeo yake ni kwamba mama wa watoto watatu anayeuza nyanya pale Ilula yuko sawasawa na ratiba yake kuliko mume wake mwenye shahada. Mwanamume asiyejeruhiwa hana foleni yake. Akijeruhiwa ndipo anapochomwa "ya tetenasi" dharura, anaambiwa arudi baada ya mwezi, na kidonda kinapofunga naye anafunga ukurasa. Hilo nalo ni jema kwa kusudi letu: dozi moja inakupa hadithi ya kusimulia kijiweni bila kukupa kinga ya kudumu.

Homa ya ini B haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa yenyewe ni ya kimya. Inapita kwenye damu na kwenye mapenzi. Inaweza kupita kwenye wembe mliochangia na kwenye mashine ya kinyozi iliyomkwangua kisogo mteja aliyekutangulia. Endelea kunyolewa bila kuuliza maswali. Walioipata utotoni wengi hubaki nayo maisha yote bila kuonyesha dalili, hadi ini linapokakamaa au kuota saratani. Chanjo yake kwa mtu mzima ni sindano tatu: leo, mwezi ujao, na mwezi wa sita, baada ya kupima kwanza kama huna virusi tayari. Usipime. Bei nayo usiulize, kwa sababu ukiiuliza utakuta inafanana na kitu ulichokilipia Jumamosi usiku bila kuuliza. Na tumbo likianza kuvimba uzeeni, sema umetupiwa kitu na watu wa shamba la mpakani. Hilo hutosheleza ukoo wote, na kwa kawaida huanzisha kesi ya ardhi.

Kuhusu kichaa cha mbwa kejeli naiweka chini, nitaiokota aya ijayo. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umalize dozi zote hata kama mbwa ni wa shemeji na anaonekana mzima. Dalili zikishaanza, daktari hana la kukufanyia.

Haya. Kuna chanjo moja ambayo hata mfuasi mwaminifu wa mwongozo huu hupigwa, nayo ni ya homa ya manjano. Dereva wa lori anayepandisha Kitonga na mzigo wa Lubumbashi, akalala Makambako, akapita Mbeya kwenda kupanga foleni Tunduma, anaijua kadi yake ya njano kama anavyojua leseni, kwa sababu Kongo huidai kwa kila anayeingia. Ndiyo chanjo ya mtu mzima yenye heshima kuliko zote, na siri ya heshima yake ni afisa aliyevaa sare anayenyoosha mkono. Anayekwenda Hija naye huchomwa ya homa ya uti wa mgongo bila ubishi, maana Saudia haina mchezo. Tumejifunza hapa kanuni ya maana kuhusu baba wa Kitanzania: hachomwi kwa ajili ya ini lake wala taya lake, anachomwa kwa ajili ya geti. Likiwekwa geti kwenye mlango wa kilabu cha ulanzi, na polisi mmoja wa kuuliza kadi, nchi hii ingekuwa na kinga ya kupigiwa mfano ndani ya msimu mmoja.

Wapo wanaotafuta kadi ya njano bila sindano. Hao ni wanafunzi bora kabisa, ila ni wabadhirifu: tangu Julai 2016 chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote. Mtu anahatarisha jela kukwepa mchomo mmoja ambao hatadaiwa tena mpaka kaburini.

Siwezi kuruka UVIKO-19, ingawa ningependa. Nyanda za Juu zilikuwa tajiri kipindi kile. Wakati watu wa Dar es Salaam wakihangaika kutafuta majani ya kupigia nyungu, Mufindi ilikuwa na mikaratusi ya kufukiza bara zima. Kisha Julai 2021 zikaja dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, na tarehe 28 mwezi huo Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu. Askofu Gwajima, wakati ule mbunge wa Kawe, akahubiri kuzipinga; Waziri wa Afya wa wakati ule, Dokta Gwajima, akazitetea. Mwananchi wa Iringa akawa na nafasi adimu ya kuchagua Gwajima wake, na wengi walichagua yule asiyetumia sindano. Baadaye wahudumu walifuata watu sokoni, shambani na misibani, na mamilioni walichanjwa. Kwako wewe msomaji wangu ushauri ni kushikilia pale ulipokuwa: "Bado natafakari." Hakuna aliyeweka mwisho wa kutafakari.

Lakini jihadhari na vijana wa Mbeya, watakuharibia hoja. Katika mji huohuo ambako mtu wa miaka 50 anaogopa sindano ya pepopunda iliyokwisha kutumiwa na majeshi ya Vita Kuu ya Pili, kuna vijana waliojitolea mikono yao kwa chanjo ambayo hakuna aliyejua kama itafanya kazi. Utafiti wa PrEPVacc, wa chanjo za majaribio dhidi ya VVU, ulianza Desemba 2020 katika vituo vya Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ukaandikisha watu zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 18 hadi 40. Walichomwa, wakarudi, wakatolewa damu, wakarudi tena. Novemba 2023 uchomaji ulisimamishwa kwa kuwa ilionekana chanjo hizo hazitakinga. Hawakupata kinga wala kadi ya kuonyesha getini. Walichotupa ni jibu. Ukikutana na mmoja wao kwenye daladala ya Kabwe, zungumzia hali ya hewa.

Kila imani ina mtakatifu wake, na sisi tunaye wa mwambao wa kwetu. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Alifanya kazi katikati ya watu wa afya, hata kwa muda alisaidia kampeni ya kuchanja ndui, na bado mwenyewe aliikwepa sindano, kwa kuwa ilionekana inauma. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kumwonyesha dereva njia, safari ya dakika chache tu. Akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Kwa ajili yake hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa ndani ya wiki mbili. Fikiria: sindano moja uliyoikwepa, wengine maelfu wanaibeba kwa niaba yako. Kwa bahati mbaya mtakatifu wetu aliasi. Alipona, akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akisimulia kisa chake kijiji kwa kijiji, mpaka malaria ilipomchukua mwaka 2013 akiwa kazini. Tunaadhimisha sehemu ya kwanza ya maisha yake tu.

Imebaki hatari moja, nayo inalala nyumbani kwako. Mkeo akiwa mjamzito ataambiwa aje na mwenza, na wanaokuja na waume huhudumiwa mapema. Utaburutwa. Utajikuta kwenye benchi la kliniki Iringa mjini, asubuhi ya baridi ile ya Juni, koti limefungwa mpaka kidevuni, huku ukuta mbele yako umejaa ratiba za chanjo na huna gazeti. Katika hali ya namna hiyo mtu aliye dhaifu huweza kunyanyuka na kuuliza. Yatamkuta haya:

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naulizia chanjo."

"Mtoto yuko wapi?"

"Hayupo mtoto. Yangu mimi."

Nesi atamtazama mwenzake. "Umekatwa na nini, baba?"

"Sijakatwa."

"Umeumwa na mbwa?"

"Hapana."

"Unasafiri nje?"

"Nafika Ipogolo tu, narudi."

"Sasa, baba, chanjo ya nini?"

Swali hilo limewekwa hapo ili likuokoe. Sema umekosea chumba, omba radhi, toka ukasubiri nje chini ya mti na wanaume wenzako.

Wasioweza kujizuia hujibu kwamba wanataka kuanza ya pepopunda wasisubiri msumari, na kwamba walizaliwa kabla ya 2002, kwa hiyo wanaomba kupimwa homa ya ini B na wakikutwa salama waanzishiwe dozi. Nesi akishapona mshangao atawaambia kipi kipo hapo na kipi wakifuate hospitali kubwa. Kadi hatakuwa nayo, maana iliyopo ni ya mtoto na ya mjamzito; atawaagiza wakanunue daftari dukani, lile la kurasa 48 linatosha, na ataandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nyekundu. Kisha atauliza mkono upi. Chagua wa kushoto. Utauma siku moja au mbili, na jioni utahitaji wa kulia kushikia kikombe.